Sheria, Udongo na Jasho: Funzo la Matuta ya Uluguru

Sheria ya kilimo huandikwa kwa kalamu, lakini hutekelezwa kwa jembe. Baina ya kalamu na jembe kuna mambo mengi ambayo mtunga sheria hana budi kuyajua: unene wa udongo, ukali wa mteremko, wingi wa mvua, idadi ya mikono iliyomo katika kaya, na haki ya mtu juu ya shamba analolilima. Sheria ikiyapuuza mambo hayo yaweza kukiharibu kile kile ilichokusudia kukilinda.

Makala haya yanalichunguza jambo hilo kwa mfano mmoja wa hapa nchini, yaani Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, ulioendeshwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika tangu mwaka 1950 hadi 1955. Mpango huo uliwalazimisha wakulima wa milimani kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, nao ulikwisha kwa ghasia na kifo cha mtu. Aghalabu habari hii husimuliwa kama sehemu ya historia ya kupigania uhuru, na ni kweli kwamba ni sehemu yake. Hata hivyo ni somo la sayansi pia, kwa kuwa madai mengi ya wakulima yaweza kupimwa kwa futi kamba, kwa mizani na kwa hesabu za shule ya sekondari.

1. Milima na maji yake

Milima ya Uluguru inainuka ghafula kusini mwa mji wa Morogoro. Ni sehemu ya safu ya milima ya kale iitwayo Tao la Mashariki, na kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hukutana kwanza na mabonde ya mashariki, kama vile Matombo, Kinole na Kibungo, zikapanda, zikapoa na kuangusha mvua. Kwa sababu hiyo mitelemko ya juu ya upande wa mashariki hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Upande wa magharibi, ambako iko Mgeta, hupata mvua pungufu.

Maji ya milima hiyo ndiyo chimbuko kuu la mto Ruvu. Mji wa Dar es Salaam umekuwa ukiyategemea kwa muda mrefu: mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Mto Ngerengere nao hujaza bwawa la Mindu, ambalo huupatia mji wa Morogoro sehemu kubwa ya maji yake. Basi udongo unaong'olewa na mvua katika shamba la mlimani haupotei. Huingia mtoni, ukayatia maji tope, ukajaa katika bwawa, na kuongeza gharama ya kusafisha maji ya watu walio mbali sana na shamba hilo. Hapa pana sababu ya haki ya kuwapo kwa sheria: tendo la mkulima mmoja lina athari kwa wengi wasiomjua.

Serikali ya Wajerumani ililiona jambo hilo mapema, ikatenga misitu ya juu ya milima kuwa hifadhi mnamo mwaka 1909. Mwaka 2008 misitu hiyo iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Lakini chini ya mpaka wa msitu wanaishi watu, nao hulima katika mitelemko ambayo mgeni huogopa hata kuipanda kwa miguu.

2. Amri ilikotoka

Katika miaka ya 1930 upepo uliinua udongo wa nyanda kubwa za Marekani na kuufanya mawingu ya vumbi. Mwaka 1935 nchi hiyo iliunda idara maalumu ya kuhifadhi udongo. Habari za maafa hayo ziliwatia hofu maofisa wa kilimo katika makoloni ya Kiingereza ya Afrika. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mipango ya kuhifadhi ardhi ilianzishwa katika sehemu nyingi za Tanganyika, kama vile Usukuma, Usambara na Uluguru.

Chombo cha kisheria kilichotumika kilikuwa Sheria ya Utawala wa Wenyeji ya mwaka 1926. Sheria hiyo iliwapa machifu waliotambuliwa na serikali mamlaka ya kutoa amri na kutunga kanuni kwa watu wao, na aliyekaidi aliweza kushitakiwa na kutozwa faini. Kwa njia hiyo mpango uliobuniwa katika ofisi za wataalamu ulitoka katika kinywa cha sultani na cha jumbe, kana kwamba ni amri ya nchi. Wakulima wa Uluguru walitakiwa kuchimba matuta ya ngazi kukingama mteremko. Walikatazwa kuchoma moto majani wakati wa kutayarisha mashamba, na kilimo kilizuiwa katika kingo za mito na katika sehemu za mteremko mkali.

Lengo la amri hizo halikuwa baya. Mmomonyoko ulikuwapo, na idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka juu ya ardhi ile ile. Swali la kisayansi ni lingine: je, tendo lililoamriwa liliweza kuleta matokeo yaliyotarajiwa?

3. Hesabu ya tuta

Tuta la ngazi hutengenezwa kwa kuukata mteremko. Udongo wa nusu ya juu huchimbwa na kutupwa katika nusu ya chini, mpaka pakapatikana sehemu bapa kama kipandio cha ngazi. Na ichukuliwe kwamba mteremko unapanda mita 1 kwa kila mita 2 za ulalo, yaani pembe ya nyuzi 27 hivi. Mteremko wa namna hiyo ni wa kawaida kabisa Uluguru. Na ichukuliwe kwamba upana wa kila tuta ni mita 2.

Katikati ya tuta hapachimbwi wala hapajazwi. Kutoka hapo kwenda ndani, umbali wa mita 1, kina cha uchimbaji huongezeka toka sifuri hadi mita 0.5. Umbo la sehemu inayokatwa ni pembetatu yenye kitako cha mita 1 na kimo cha mita 0.5. Eneo lake ni nusu ya 1 × 0.5, yaani mita ya mraba 0.25. Kwa hiyo kila mita moja ya urefu wa tuta hudai kuhamishwa kwa mita ya ujazo 0.25 ya udongo.

Hekta moja, ikipimwa kwa ulalo, ina mita 100 kila upande. Hutoshea matuta 50 yenye urefu wa mita 100 kila moja, yaani mita 5,000 za matuta. Zidisha kwa 0.25: jibu ni mita za ujazo 1,250. Ikiwa mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.3, basi uzito wote ni tani 1,625.

Mzigo huo haukuhamishwa kwa mashine. Ulihamishwa kwa jembe la mkono. Ikikadiriwa kwamba mtu mwenye nguvu ahamisha mita za ujazo 2.5 kwa siku, basi hekta moja yataka siku 500 za kazi. Hata kaya yenye shamba la robo hekta tu ingehitaji siku 125. Siku hizo hazikuongezwa katika mwaka; zilitolewa katika siku za kupalilia, za kulinda mazao na za kutafuta fedha ya kodi.

Laiti kazi hiyo ingeongeza mavuno, huenda mkulima angeivumilia. Lakini ipo hesabu ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza.

4. Udongo uliopinduliwa

Udongo wa mteremko una tabaka. Tabaka la juu ni jeusi kidogo, limejaa mboji na vijidudu, na ndilo lenye sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi ambayo mimea huitumia. Chini yake kuna udongo mwekundu au wa manjano ulio maskini, na baadaye mwamba uliooza nusu. Na ichukuliwe kwamba tabaka la juu lina unene wa sentimita 20.

Katika tuta lililoelezwa hapo juu, kina cha uchimbaji hufikia sentimita 20 kwenye umbali wa sentimita 40 toka katikati. Kutoka hapo hadi ukutani zimebaki sentimita 60, na katika sehemu hiyo yote tabaka la juu limeondolewa kabisa. Mahindi yaliyopandwa hapo yamepandwa katika udongo wa chini. Nusu ya nje nayo haikunusurika. Mchimbaji huanza na udongo wa juu, akautupa chini. Kisha huchimba udongo maskini, akautupa juu ya ule wa kwanza. Udongo mzuri hufukiwa na udongo mbaya huwa ndio kitanda cha mbegu.

Dawa ya kasoro hiyo inajulikana. Mchimbaji hukusanya kwanza udongo wa juu pembeni, akachimba tuta, kisha akaurudisha na kuutia samadi. Lakini dawa hiyo huongeza kazi, na samadi hudai mifugo, nayo ilikuwa michache katika mabonde ya Uluguru. Kwa hiyo wakulima waliposema kwamba matuta yanaua ardhi hawakuwa wakisema maneno ya ushirikina wala ya uvivu. Walikuwa wakitoa taarifa ya jambo walilolishuhudia kwa macho yao.

Marufuku ya moto nayo yastahili kutazamwa kwa haki. Ni kweli kwamba moto huunguza mboji, hupoteza naitrojeni na salfa hewani, na huuacha udongo uchi mbele ya mvua ya kwanza. Lakini majivu yana potasiamu na kalisiamu, nayo hupunguza uchachu wa udongo, jambo lenye manufaa mahali penye mvua nyingi ambapo madini hayo huoshwa upesi. Tena moto huokoa siku nyingi za kufyeka na kupalilia. Sheria iliyoondoa moto bila kutoa kitu cha kushika nafasi ya majivu na ya siku hizo ilimwachia mkulima hasara tupu.

Isitoshe, wenyeji wa Mgeta walikuwa na njia yao. Mkulima alianza chini ya shamba na kupanda juu, akiyalaza magugu na mabua katika mistari iliyokingama mteremko, kisha akayafunika kwa udongo uliovutwa toka juu. Magugu yalioza ndani ya tuta na kuwa mbolea. Njia hiyo haikuwa kamili, maana kila msimu udongo ulisogea chini kidogo. Lakini ilihifadhi mboji, haikudai siku 500, na ilifanywa upya kila mwaka katika kazi ile ile ya kulima.

5. Shamba la nani?

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halionekani katika kipimo cha udongo. Miongoni mwa Waluguru ardhi ilikuwa mali ya ukoo unaohesabiwa kwa upande wa mama. Mkuu wa ukoo aliigawa kwa jamaa zake. Mtu wa ukoo mwingine, pamoja na mwanamume aliyelima katika ardhi ya ukoo wa mkewe, aliweza kuazima sehemu, na aghalabu alitoa malipo madogo ya kutambua kwamba ardhi si yake. Katika desturi za namna hiyo, kupanda mti wa kudumu au kufanya kazi kubwa ya kudumu katika shamba la kuazima ni jambo la hatari: mwenye ardhi huona kwamba mwazimaji anataka kuwa mwenyewe.

Tuta la ngazi ni kazi ya kudumu. Mwazimaji aliyeamriwa kulichimba alijiuliza: je, jasho hili litakuwa langu au la mwenye ardhi? Mwenye ardhi naye alijiuliza: je, mtu huyu akikwisha chimba, atatoka? Sheria ya serikali ilimwona mtu mmoja na shamba lake. Desturi iliona ukoo, vizazi na mikopo. Sheria mbili zilikutana katika shamba moja, na ile iliyokuja na faini haikuijua ile iliyolitangulia. Roland Young na Henry Fosbrooke, waliochapisha mwaka 1960 kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru, waliyatazama mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa kuwa mgogoro wa matuta haueleweki bila habari za koo.

Hatimaye, mnamo Julai 1955, umati wa watu ulikusanyika Matombo, upande wa mashariki wa milima, kuyapinga matuta. Polisi walitumia nguvu na mtu mmoja aliuawa. Chama cha TANU kilikuwa kimetimiza mwaka mmoja tu tangu kuundwa, na habari za Uluguru zilionyesha jinsi manung'uniko ya shambani yawezavyo kuwa nguvu ya kisiasa. Baada ya ghasia hizo serikali iliacha kulazimisha uchimbaji wa matuta. Katika sehemu nyingi za mashariki yaliachwa yabomoke. Mgeta, ambako mboga na viazi mviringo vilimwagiliwa kwa mifereji na kuuzwa mjini, matuta yaliendelea kutumika, kwa sababu huko yalilipa.

6. Mvua ya Februari 1970

Kukoma kwa amri hakukumaliza tatizo la udongo. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya milimita 100 hivi ilinyesha Mgeta kwa muda usiotimia saa tatu. Mitelemko iliporomoka mahali zaidi ya 1,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uppsala, Uswidi, waliyachunguza maporomoko hayo. Waliona kwamba karibu nusu yalianzia katika mashamba yanayolimwa, na karibu nusu nyingine katika majani na mashamba yaliyopumzishwa. Yaliyoanzia penye miti hayakufika hata 1 katika kila 100.

Sababu yaelezwa na fizikia. Udongo ulio juu ya mteremko huvutwa chini na sehemu ya uzito wake, yaani uzito ukizidishwa kwa saini ya pembe. Huzuiwa na msuguano, ambao hutegemea sehemu ya uzito inayokandamiza mwamba, yaani uzito ukizidishwa kwa kosaini ya pembe. Maji yakijaa katika udongo hutenda mambo mawili kwa wakati mmoja: huongeza uzito unaovuta, na huzitenga chembechembe za udongo hata msuguano ukapungua. Mizizi ya miti hupenya tabaka la udongo na kuushikilia kama kamba. Palipo na mizizi mifupi ya mahindi au ya majani tu, kamba hizo hazipo.

Hapa pana funzo kwa pande zote mbili. Tuta la ngazi hupunguza maji yanayotiririka juu ya ardhi, lakini maji yasiyotiririka huzama. Katika udongo mwembamba ulioketi juu ya mwamba mteremkoni, maji yaliyozama yaweza kuleta poromoko. Basi tuta peke yake lisingeweza kuwa jibu la kila mteremko, hata kama kila mkulima angelitii. Kwa upande mwingine, msitu wa juu uliolindwa na sheria tangu mwaka 1909 umethibitisha faida yake. Tofauti ya sheria hizo mbili katika jambo hili haikuwa ukali. Tofauti ilikuwa kwamba moja ilipatana na tabia ya mteremko na nyingine haikupatana nayo.

7. Mita sitini

Mwanafunzi asidhani kwamba mambo haya ni ya wakati wa ukoloni tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari. Kusudi lake ni jema na sababu zake ni zile zilizoelezwa hapo juu: majani na miti ya ukingoni huchuja tope na kuzuia ukingo usibomoke.

Na ifanywe hesabu. Kijito kikipita katika bonde, mita 60 za kila upande hufanya ukanda wa mita 120. Kwa kila mita 100 za urefu wa kijito, ukanda huo una mita za mraba 12,000, yaani hekta 1.2. Katika nchi tambarare yenye mto mmoja, eneo hilo ni dogo. Uluguru kuna vijito katika kila bonde, na mabonde ni membamba. Bustani za mboga zimewekwa kando ya maji kwa sababu ndipo penye ardhi tambarare na penye maji ya kumwagilia. Kaya yenye nusu hekta kando ya kijito yaweza kuliona shamba lake lote limo ndani ya ukanda. Mita zile zile 60 zina uzito mmoja katika nyanda za Ngerengere na uzito mwingine kabisa Nyandira.

Haifuati kwamba sheria hiyo ifutwe. Linalofuata ni kwamba utekelezaji wake uanze na upimaji. Sheria yenyewe humpa Waziri nafasi ya kutoa miongozo juu ya shughuli zinazoweza kufanywa ndani ya eneo hilo. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inazitambua haki za kimila, na kijiji chaweza kupanga matumizi ya ardhi yake na kutunga sheria ndogo. Migomba, miti ya matunda na majani ya malisho kando ya kijito huulinda ukingo na humpa mkulima chakula au fedha, ilhali shamba la mboga lililotifuliwa hadi majini haliulindi. Sheria ndogo iliyotungwa na watu wanaokijua kijito chao yaweza kutenganisha mambo hayo mawili. Kipimo kimoja cha nchi nzima hakiwezi.

8. Matuta yaliyorudi

Kuna ushahidi kwamba mkulima yule yule huweza kuchimba tuta lile lile ikiwa masharti yamebadilika. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango katika eneo la Kibungo Juu, upande wa mashariki wa Uluguru. Wakulima waliokubali kuhifadhi mitelemko walilipwa kwa huduma hiyo, na miongoni mwa walipaji walikuwamo watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu huko Dar es Salaam: shirika la maji la DAWASCO na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza. Wakulima walipanda miti na mistari ya majani, wakachimba makinga maji ya fanya juu, na wengine wakachimba matuta ya ngazi. Milima ni ile ile, na vijiji hivyo haviko mbali na Matombo. Kilichobadilika ni kwamba safari hii gharama ya kuyalinda maji iligawanywa kati ya anayechimba na anayekunywa.

Kwa majirani wa Kenya habari za Machakos zafundisha vivyo hivyo. Mwaka 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, kupinga amri ya kuwapunguza ng'ombe wao kwa nguvu kwa madai ya kuokoa ardhi. Wataalamu wa wakati huo waliiona wilaya hiyo kuwa inakaribia kuwa jangwa, nayo ilikuwa na watu wapatao 240,000. Kufikia mwaka 1990 ilikuwa na watu milioni 1.4 hivi, na mitelemko yake ilikuwa imefunikwa kwa matuta ambayo mengi yalichimbwa na wenyewe kwa hiari. Sababu moja ni ya kisheria: katika miaka ya 1950 Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa, zao ambalo hapo kwanza walizuiwa, na kahawa ililipia gharama ya matuta. Sababu nyingine ni ya ufundi. Katika fanya juu mkulima huchimba mfereji mmoja na kuutupa udongo upande wa juu. Kisha mvua na jembe huusogeza udongo wa shamba kidogo kidogo hadi tuta likajitengeneza kwa miaka kadhaa. Kazi ya mwanzo hupungua sana, na tabaka la juu halipinduliwi kwa siku moja.

Huko Mgeta nako, tangu miaka ya 1980, mbuzi wa maziwa walioenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine waliwapa wakulima samadi. Mbuzi hao hufugwa bandani na kulishwa majani yanayoweza kuoteshwa katika kingo za matuta. Kwa hiyo ukingo wa tuta, ambao zamani ulikuwa sehemu isiyozaa kitu, ukawa malisho, na malisho yakarudi shambani kuwa mbolea.

9. Hitimisho

Sheria ya ardhi ni ya lazima, maana maji na udongo havijui mpaka wa shamba. Lakini sheria hiyo ni sawa na dawa: kipimo chake hutegemea mgonjwa. Amri ya matuta ya Uluguru haikushindwa kwa sababu Waluguru hawakuupenda udongo wao. Ilishindwa kwa sababu iliwadai siku walizokuwa hawana, iliupindua udongo waliokuwa wakiutegemea, na haikuuliza shamba ni la nani. Mambo hayo matatu yangaliweza kujulikana kabla ya amri kutolewa, kwa kuchimba shimo moja la kupima udongo, kwa hesabu ya ukurasa mmoja, na kwa kikao kimoja na wazee wa ukoo. Gharama ya kutoyafanya ilikuwa miaka mitano ya kazi, uhai wa mtu, na chuki dhidi ya matuta iliyodumu muda mrefu hata pale ambapo matuta yangefaa.

Maswali na kazi kwa wanafunzi

1. Rudia hesabu ya sehemu ya 3 kwa tuta lenye upana wa mita 3 katika mteremko ule ule. Je, kazi kwa hekta imeongezeka au imepungua? Kina cha uchimbaji ukutani ni kiasi gani?

2. Chimba shimo la sentimita 60 katika shamba la shule. Pima unene wa tabaka la juu, kisha panda mahindi katika mikebe miwili, mmoja wenye udongo wa juu na mwingine wenye udongo wa chini. Linganisha urefu wa mimea kila juma kwa majuma sita.

3. Maporomoko ya mwaka 1970 yalianzia kwa nadra sana penye miti. Kabla ya kusema kwamba miti ndiyo sababu, ni takwimu gani nyingine ya eneo la Mgeta inayohitajika, na kwa nini?

4. Chora ramani ya kijito kilicho karibu na shule. Pima mita 60 kila upande na uandike kila kitu kilichomo: mashamba, nyumba, miti, njia. Kisha darasa lijadili: ikiwa kijiji kingetunga sheria ndogo ya kukilinda kijito hicho, ni shughuli zipi zingekatazwa, zipi zingeruhusiwa, na nani angelipa fidia kwa anayepoteza shamba?